Riba Inayouma: Biblia Ilikataza Nini Hasa Kuhusu Kumkopesha Maskini

Mtu akitaka kujua Biblia inafundisha nini kuhusu riba, akaanza kulifuata neno hilo kitabu kwa kitabu, huenda akachanganyikiwa kabla hajafika mwisho. Kutoka 22:25 inamkataza Mwisraeli kumtoza riba maskini. Kumbukumbu la Torati 23:20 inamruhusu kumtoza mgeni. Zaburi ya 15 inamhesabu asiyekula riba miongoni mwa wanaostahili kukaa katika hema ya BWANA, na Ezekieli 18 inamtaja mla riba pamoja na mzinzi na mnyang'anyi. Kisha, katika Mathayo 25:27, bwana mmoja katika mfano wa Yesu anamgombeza mtumwa wake kwa kuificha fedha ardhini badala ya kuiweka kwa watoa riba. Nimewahi kukaa katika kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa cha kanisani ambapo mistari hiyo yote ilisomwa kwa sauti, kila mjumbe akisoma ule unaomfaa, na kikao kikafungwa kwa sala bila uamuzi wowote.

Naona fundo hili linakataa kufunguka kwa sababu tunalishika upande wa fedha. Tunauliza kama riba ni dhambi au si dhambi, kana kwamba riba ni kitu kimoja popote inapoonekana. Sheria ya Musa haikuanzia kwenye fedha. Ilianzia kwa mtu aliyeishiwa, na ikauliza jirani yake mwenye akiba anapaswa kumtendea nini katika hali hiyo. Tukianzia hapo, mistari inayoonekana kupingana hupungua, ingawa haiishi yote.

Katazo la Kutoka limewekwa mahali pake kwa makusudi. Mistari inayolitangulia inakataza kumwonea mgeni, mjane na yatima, na mistari inayolifuata inahusu vazi la maskini lililowekwa rehani. Mkopaji anaelezwa waziwazi kuwa ni mtu katika watu wa Mungu aliye maskini, na mkopeshaji anaambiwa asiwe kwake kama mwenye kumwia, yaani asigeuke mdai anayemkalia mtu shingoni. Hakuna dalili kwamba mwandishi alikuwa akimfikiria mfanyabiashara anayetafuta mtaji wa kwenda kununua vitambaa Tiro.

Mambo ya Walawi 25 inalieleza jambo hilo kwa undani zaidi. Biblia ya Kiswahili ya Union inamwita ndugu aliyekuwa maskini mtu ambaye "mkono wake umelegea", na tafsiri hiyo ni nzuri kwa sababu inaihifadhi taswira ya Kiebrania ya mkono unaoanza kuachia. Mwandishi wa sura hiyo amepanga kuanguka kwa mtu huyo hatua kwa hatua. Katika mstari wa 25 anauza sehemu ya milki yake. Katika mstari wa 35 mkono umelegea. Katika mstari wa 39 anajiuza mwenyewe kwa ndugu yake, na katika mstari wa 47 anajiuza kwa mgeni aliyetajirika. Katazo la riba limo katika mistari ya 36 na 37, katikati ya kupoteza ardhi na kupoteza uhuru. Mkopo unaozungumziwa hapo ni kizuizi cha mwisho kabla mtu hajawa mtumwa, na ndiyo maana lengo lake limetajwa wazi: "ili ndugu yako akae nawe". Mtu anayetoza riba mahali hapo anamsukuma chini yule aliyepaswa kumshika, na sheria inamkumbusha kwa kumtaja Mungu aliyewatoa wote wawili katika nchi ya Misri.

Maneno yenyewe yanastahili kutazamwa kwa karibu. Kiebrania kinatumia hasa maneno mawili kwa kile ambacho sisi tunakiita riba au faida. La kwanza ni neshekh, linalotokana na kitenzi cha kuuma, kitenzi kilekile kinachotumika katika Hesabu 21 kwa nyoka waliowauma Waisraeli jangwani. La pili ni tarbit, au marbit, linalotokana na kuongezeka, nalo ni jamaa wa karibu wa neno la Kiarabu ambalo Waswahili tumelirithi kama riba. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinalitumia la kwanza kwa fedha na la pili kwa chakula, na wafasiri wengine wamehisi kwamba neshekh ilikuwa ile inayokatwa mwanzoni, mtu akipewa pungufu ya kile alichoandikiwa, ilhali tarbit iliongezwa wakati wa kulipa. Kuna jambo dogo linalonivutia hapa. Kiswahili, kama Kiarabu, husema mkopeshaji anakula riba, yaani tunamtazama anayeshiba. Kiebrania kinamtazama anayeumwa. Mikopo ambayo mitaani Tanzania imepewa jina la kausha damu inaonyesha kwamba waliolibuni jina hilo, bila kupita darasa la Kiebrania, wamerudi upande wa anayeumwa.

Ili kuelewa kwa nini kuuma lilikuwa neno halisi wala si chumvi ya wahubiri, ni lazima kukumbuka uchumi wa wakati ule. Watu wengi walikuwa wakulima wadogo, na mkopo wa kawaida ulikuwa nafaka ya kula au ya mbegu, iliyochukuliwa ghala likiwa tupu na kurudishwa wakati wa mavuno. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 K.K., ziliruhusu riba ya theluthi moja kwa nafaka na sehemu moja ya tano kwa fedha. Mkulima aliyekopa vipimo 30 vya shayiri alidaiwa 40 mavuno yalipofika. Akishindwa, na deni likaandikwa upya kwa kiwango kilekile, mwaka wa pili alidaiwa zaidi ya 53 na mwaka wa tatu zaidi ya 71, huku shamba lake likiwa lilelile na watoto wakizidi kula. Sheria za Babeli hazikuwa bila huruma: shamba likiharibiwa na dhoruba au kukosa maji, mdaiwa hakulipa riba ya mwaka huo. Lakini zilitafuta kiwango cha haki cha riba. Torati, linapokuja suala la maskini, haikutafuta kiwango, ilisema hakuna.

Sasa yule mgeni wa Kumbukumbu la Torati. Hapa Kiswahili kinatuponza kidogo, kwa sababu neno mgeni linabeba watu wawili tofauti. Kiebrania kina ger, yaani mtu wa asili nyingine aliyehamia, anayeishi miongoni mwa Waisraeli bila ardhi ya ukoo na bila ndugu wa kumtetea, na kina nokhri, yaani mtu wa nje ambaye makazi yake na mali yake viko kwingine, mara nyingi mfanyabiashara anayepita. Anayeruhusiwa kutozwa riba ni nokhri. Ger anatajwa katika Walawi 25:35, na iwe tunausoma mstari huo kwamba umsaidie ndugu kama unavyomsaidia ger, au kwamba umsaidie hata kama ni ger, maana ni ileile: mhamiaji asiye na kitu yuko ndani ya uzio wa ulinzi. Kwa hiyo anayeutumia mstari ule wa Kumbukumbu la Torati 23:20 kuhalalisha kumkamua mkimbizi au kibarua kutoka nchi jirani amemshika mgeni asiye wake. Hata hivyo nakiri kwamba katazo la Kumbukumbu la Torati ni pana kuliko mengine. Halitaji umaskini kabisa. Linamkataza mtu kumtoza ndugu riba ya fedha, ya vyakula na ya kitu chochote. Wanaosema Biblia inakataza riba kwa maskini peke yake wanapaswa kuusoma mstari wa 19 kabla ya kutulia.

Riba ilikuwa sehemu moja tu ya mkopo, na sheria haikuishia hapo. Mkopeshaji angeweza kukubali kutotoza riba kisha akajilipa kwa njia ya rehani, na Torati inaonekana kumjua vizuri mtu wa namna hiyo. Kumbukumbu la Torati 24 inamkataza kuchukua jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa sababu jiwe moja bila jingine halisagi na nyumba isiyosaga haili. Inamkataza kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Vazi la mjane lisiguswe. Vazi la maskini lirudishwe kabla jua halijatua, kwa maana ndilo blanketi lake, na rehani inayopaswa kurudishwa kila jioni kwa kweli haimlindi mkopeshaji na hasara yoyote. Ukiwahi kuona maofisa wa mikopo wakitoka chumbani kwa mtu na godoro, jiko la gesi na televisheni huku majirani wakichungulia, amri ile ya kusimama nje haihitaji ufafanuzi.

Vazi hilo si habari ya vitabuni peke yake. Mwaka 1960 kigae chenye maandishi ya wino ya Kiebrania, cha karne ya 7 K.K., kilipatikana katika mabaki ya ngome ya Mesad Hashavyahu, karibu na pwani ya Bahari ya Kati. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wa eneo. Anasema alikuwa amevuna, amepima na amehifadhi ghalani kama alivyopaswa, ndipo Hoshayahu mwana wa Shobai akaja akamchukulia vazi lake. Anawataja wenzake waliovuna naye katika joto la jua kuwa mashahidi wake, na anaomba vazi lirudishwe. Ugomvi ulihusu kiasi cha kazi, si mkopo, lakini kinachotwaliwa ni kilekile, kutoka kwa mtu wa aina ileile.

Lipo pingamizi zito, na Torati yenyewe ndiyo inayolitaja kwanza. Kila mwaka wa saba madeni yalipaswa kuachiliwa. Mwenye akiba ambaye hapati riba, anayerudisha rehani jioni, na ambaye deni lake litafutwa mwaka wa saba ukifika, ana sababu gani ya kukopesha mwaka wa sita? Kumbukumbu la Torati 15:9 inaliita wazo hilo neno ovu moyoni, jambo linaloonyesha kwamba watu walikuwa wakiliwaza. Karne nyingi baadaye Hillel, mwalimu mkubwa wa Kiyahudi aliyeishi karibu na wakati wa kuzaliwa Kristo, aliona kwamba watu wameacha kukopeshana kabisa. Alianzisha hati iitwayo prozbul, ambayo kwayo mkopeshaji aliyakabidhi madeni yake kwa mahakama ili yasifutwe na mwaka wa saba. Wapo wanaomlaumu kwa kuizunguka sheria. Mimi naona alichagua kati ya maskini mwenye deni lisilofutwa na maskini asiyepata mkopo popote, na sidhani chaguo hilo lilikuwa jepesi. Wachumi wanaosema kukataza riba hukausha mikopo hawajagundua jambo jipya; Hillel alikuwa ameshaliona sokoni.

Waalimu wa Kiyahudi kama Hillel hawakulegea upande wa riba yenyewe. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za waalimu hao, katika sura ya 5 ya kitabu chake kiitwacho Baba Metsia, inafafanua neshekh kwa mifano ya kawaida: kumkopesha mtu dinari nne ili arudishe tano, au vipimo viwili vya ngano ili arudishe vitatu, "kwa sababu inauma". Kisha inaifuata riba hadi kwenye maficho yake. Mkopeshaji asikae bure katika nyumba ya aliyemkopesha, wala asikodishiwe kwa bei ya chini. Zawadi inayotumwa ili mtu akubali kukopesha ni riba iliyotangulia, na inayotumwa baada ya kulipa ni riba iliyochelewa. Anayeivunja sheria si mkopeshaji tu, bali pia mkopaji, mdhamini na mashahidi, na wengine waliongeza mwandishi wa hati. Hillel alifika mbali zaidi: mwanamke asimwazime jirani mkate mpaka waupangie bei, kwa kuwa ngano ikipanda, mkate utakaorudishwa utakuwa na thamani kubwa kuliko ule uliotolewa. Wenzake hawakukubaliana naye, na nadhani kila aliyewahi kugonga mlango wa jirani na kikombe cha kuomba sukari atashukuru.

Katika Agano Jipya mambo hubadilika sura. Luka 6:34–35 haizungumzii riba kabisa. Inazungumzia mtaji wenyewe. Kuwakopesha wale unaotumaini kulipwa nao, anasema Yesu, hata wenye dhambi hufanya hivyo. Ninyi kopesheni bila kutumaini malipo, tena adui zenu. Hapo uzio wa ndugu na mtu wa nje umeondolewa, na mkopo umesogea hadi mpakani mwa zawadi. Kuhusu mfano wa talanta, bwana anayetaka fedha yake na faida ni yuleyule ambaye mtumwa anamwita mtu mgumu, avunaye asipopanda. Mfano huo unaihukumu hofu ya mtumwa kwa maneno ya mtumwa mwenyewe. Hautungi sheria ya benki, kama ule wa mwizi ajaye usiku usivyohalalisha kuvunja nyumba.

Historia ya kanisa juu ya jambo hili ni ndefu, nami nitaipita haraka. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliwakataza makasisi kula riba. Mtaguso wa Tatu wa Laterani, mwaka 1179, uliwanyima wala riba wanaojulikana Komunyo na maziko ya Kikristo. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alieleza kwamba fedha hutumika kwa kutoka mkononi, hivyo kudai malipo ya matumizi juu ya fedha yenyewe ni kuuza kitu kisichokuwepo. Mwaka 1545 John Calvin, kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti, aliandika barua akikubali faida ya wastani katika biashara, lakini si kutoka kwa maskini. Katika karne hizo Wayahudi wa Ulaya, waliofungiwa milango mingi ya kazi, waliwakopesha Wakristo kwa kuegemea Kumbukumbu la Torati 23:20, na chuki iliyozaliwa hapo bado inatembea: nchini Kenya mkopeshaji wa mtaani huitwa shylock, jina la mhusika Myahudi wa tamthilia ya Kiingereza, na wengi wanaolitamka hawajui lilikotoka.

Tukio moja la historia hiyo lingefaa kusomwa katika kila kikundi cha kuweka na kukopa. Mwaka 1462 mjini Perugia, Italia, kwa msukumo wa mapadri Wafransisko, ulianzishwa mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani ili wasiende kwa wakopeshaji wa riba kubwa. Mfuko ulihitaji karani, chumba na mlinzi wa rehani, hivyo mkopaji alitozwa kiasi kidogo. Wadominiko, watawa wa shirika jingine la Kikatoliki, wakapiga kelele kwamba hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Mabishano yalidumu miaka mingi mpaka Papa Leo wa Kumi, mwaka 1515, alipoamua kwamba malipo ya kugharimia uendeshaji peke yake, bila faida, si riba. Kwa kipimo hicho mweka hazina wa kikundi anaweza kujiuliza swali linalojibika kwa daftari: kile tunachomtoza mama aliyekopa kwa ajili ya matibabu ya mtoto kinalipia karatasi na nauli, au kinanenepesha gawio la Desemba? Kwa mjumbe anayekopa ili aongeze pikipiki ya pili ya biashara swali ni jingine, na sioni sababu ya kuwaweka wote wawili kwenye fomu moja. Thamani ya shilingi nayo hupungua, na kurudisha tarakimu ileile baada ya miaka mitatu kunaweza kumpunja aliyekopesha. Kufidia upungufu huo si kuuma. Lakini mikopo ya maskini huwa ya wiki na miezi, na mfumuko wa bei wa wiki nne hauwezi kueleza theluthi ya mkopo inayoongezwa juu.

Maelezo marefu zaidi ya deni katika Biblia yako katika Nehemia 5. Nehemia alitumwa Yerusalemu katika mwaka wa 20 wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, yaani 445 K.K., na wakati ukuta ukijengwa kilio kikazuka. Baadhi walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Binti zao wengine walikuwa tayari wametiwa utumwani, na waliowatia hawakuwa Waajemi. Walikuwa ndugu zao, wenye damu moja nao. Nehemia anasema alikasirika, akashauriana na nafsi yake, kisha akawaita wakuu mbele ya mkutano. Sentensi inayofuata ndiyo inayonishangaza kila niisomapo, kwa sababu liwali huyu aliyekuja kuwakemea wengine anakiri kwamba yeye mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake walikuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Anasema waache jambo hilo, wote. Anadai mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba virudishwe siku hiyohiyo, pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Ikiwa sehemu hiyo ilitozwa kila mwezi, kama wafafanuzi wengi wanavyoona, ilikuwa asilimia 12 kwa mwaka. Wakuu wakakubali. Nehemia, ambaye hakuonekana kuamini neno tupu, akawaita makuhani, akawaapisha, kisha akakung'uta kunjo la vazi lake mbele yao, akisema Mungu amkung'ute vivyo hivyo kila asiyelitimiza neno hilo. Mkutano wote ukasema, Amina.